Nyama ya Kuchoma na Viungo vya Pwani: Safari ya Kericho na Bomet

Watu wa Ulaya wakitaja wakati wa joto humaanisha miezi ya Juni, Julai na Agosti. Wakati huo hutoa majiko yao nje, wakawasha makaa, wakachoma nyama uani pamoja na jamaa na rafiki, kwa maana miezi mingine baridi huwafungia ndani ya nyumba. Sisi tukaao Kericho, karibu kabisa na mstari wa Ikweta na juu ya bahari kiasi cha mita 2,000 na zaidi, hatuna majira ya namna hiyo. Hapa mvua hunyesha karibu mwaka mzima, aghalabu mchana ukianza kugeuka, na mara nyingine huja na mvua ya mawe iharibuyo majani ya chai. Lakini tangu mwisho wa Desemba hata Februari mbingu hutupunguzia maji kidogo, na hiyo ndiyo miezi ambayo moshi wa nyama huonekana ukipanda katika maboma mengi. Habari ninayotaka kuwaeleza wasomaji ilitokea katika mwezi wa Januari, nami naamini yaweza kumfaa kila mtu apendaye nyama, na hasa yule aliyeoa mbali na kwao.

Mimi ni mzaliwa wa Rabai, karibu na Mombasa, na kazi yangu ni ukarani wa serikali. Nilipopata barua ya uhamisho wa kwenda Kericho, marehemu mama yangu hakuniuliza habari za mshahara wala za nyumba. Aliniuliza neno moja tu: “Huko watu hula nini?” Nilipomjibu kwamba nasikia hula nyama na maziwa, alikwenda Mombasa katika soko la Marikiti, akanunua viungo vizima, akavikaanga, akavitwanga katika kinu chake, akanijazia chupa mbili. Tangu siku ile, kila nilipokwenda likizo nilirudi na chupa mpya. Mama alifariki mwaka jana. Chupa niliyokuwa nayo katika safari hii ilikuwa ya mwisho, nayo ilikuwa imebaki nusu.

Mgeni afikaye Kericho kwa mara ya kwanza hushangazwa na mashamba ya chai. Miche imekatwa vichwa ikawa sawasawa kama meza, na vilima vyote vimefunikwa nayo hata macho yachoke. Chai hii si mmea wa asili wa nchi hii. Mbegu za kwanza zilipandwa Limuru mwaka 1903, na makampuni makubwa yakaanza kufungua mashamba Kericho katika miaka ya 1924 na 1925. Baada ya hapo vibarua walikuja kutoka pande nyingi, Wagusii, Wajaluo, Waluhya na wengineo, kila kabila na chungu chake. Siku hizi mashine za kuchumia zimechukua kazi ya mikono mingi, na jambo hilo limeleta manung’uniko yasiyo madogo. Hata hivyo, kwa mkulima mdogo, kazi bado ni ya vidole: majani mawili na chipukizi moja, kikapu mgongoni, kisha mizani.

Viungo navyo vilifika huku kwa njia ya biashara. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, ilipita kaskazini ya Kericho katika stesheni iliyoitwa Lumbwa, ambayo leo yaitwa Kipkelion. Wahindi wakafungua maduka, na pamoja na nguo, sukari na chumvi wakauza bizari, pilipili manga na iliki. Hata leo mtu akiwa na haja ya viungo katika mji wa Kericho hahangaiki sana. Lakini kupatikana dukani ni jambo moja, na kuingia katika chakula cha watu ni jambo jingine. Wakipsigis, ambao ndio wenyeji wa nchi hii, tangu zamani huichoma nyama kwa moto safi na kuila kwa chumvi. Basi hapo ndipo nilipokosea.

Mke wangu ni mtu wa Bomet. Zamani Bomet ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho, nayo ilitengwa ikawa wilaya mbali mwaka 1992. Tuliondoka Kericho Jumamosi asubuhi, tukapita Litein na Kapkatet, chai ikiwa kulia na kushoto, hata tukafika Kaplong mahali njia zinapoachana. Anayekwenda Kisii hushika njia ya Sotik. Sisi tulishika ile ya Bomet iendayo hata Narok. Katika mji wa Bomet tulivuka mto Nyangores, ambao maji yake huteremka kutoka msitu wa Mau na kwenda kuungana na mto Mara. Kutoka hapo tulipanda upande wa Silibwet, ambako chai huanza tena, maana nchi ya chini, upande wa Chepalungu, ni kavu zaidi na ni ya mifugo kuliko ya majani.

Tulipokewa kwa “Chamgei” nyingi na mikono ya kila mtu nyumbani. Baba mkwe ni mzee mrefu, mpole wa maneno, aliyechuma chai ya wengine kwa miaka mingi kabla ya kupanda yake mwenyewe. Kwa heshima yetu alikuwa amenunua mbuzi dume kutoka Chepalungu, naye alimchagua kwa macho yake mwenyewe, akamleta kwa miguu sehemu ya njia. Mambo hayo niliyajua baadaye. Laiti ningeyajua mapema!

Mbuzi alichinjwa, akachunwa, na shemeji yangu akawasha moto wa kuni ngumu. Aliepuka kabisa mkaratusi, ijapokuwa ulikuwa tele pembeni ya shamba, kwa sababu moshi wake una harufu kali inayoingia katika nyama. Alingoja hata ndimi za moto zikashuka na makaa yakawa mekundu yenye jivu jeupe juu, ndipo akalaza mbavu juu ya wavu wa chuma. Kisha akaenda kuongeza kuni, akaniambia, “Shemeji, tazama nyama.”

Mimi niliitazama, nikaona haina kitu. Kwetu nyama haisogei karibu na makaa kabla ya kulala ndani ya tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Nikafikiri moyoni kwamba nitawafurahisha. Nikatoa ile chupa ya mama, nikachota mara mbili kwa kiganja, nikanyunyiza juu ya mbavu zote za upande mmoja. Sikumwuliza mtu. Unga ule mkavu ulipoanguka juu ya mafuta yaliyokuwa yakitiririka, sehemu yake ilidondoka katika makaa ikatoa moshi mkali, watoto wakapiga chafya, nao uliobaki juu ya nyama ukageuka mweusi.

Nyama ilipowekwa juu ya ubao, mzee alipewa kwanza kama ilivyo haki yake. Aliinusa, akaonja kipande kidogo, akakirudisha juu ya ubao polepole. “Ni nani aliyetia dawa katika nyama hii?” aliuliza. Nikajibu kwamba ni mimi, na kwamba si dawa ila viungo vya kwetu. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa Kiswahili chake kizuri, “Mwanangu, mbuzi huyu nilimchagua mwenyewe. Ana kasoro gani hata afichwe?”

Wasomaji, maneno hayo yalinichoma kuliko makaa. Hapakuwa na ugomvi, wala hakuna aliyepaza sauti, lakini kila mtu alitazama chini. Mke wangu hakunitazama kabisa. Nilielewa ya kuwa mbele ya watu wote nimemwambia mwenye nyumba, bila kutamka, kwamba chakula chake hakitoshi.

Mzee alipoona nimefadhaika alinieleza sababu yake. Alipokuwa kijana alisafiri mbali kutafuta kazi, na njiani alinunua nyama iliyopakwa viungo vyekundu vingi hata mtu asiweze kunusa kitu kingine. Nyama ile ilikuwa imeoza. Aliugua siku tatu, na tangu hapo akafanya kanuni yake kwamba nyama njema haiogopi kunuswa. Kwa kweli kanuni hiyo ni ya haki. Viungo haviwezi kuponya nyama iliyoharibika. Vyaweza tu kumdanganya mlaji hata asijue anachokula. Kwa hiyo ni vizuri kila mtu anunue kwa muuzaji ambaye nyama yake ina mhuri wa mkaguzi, ainuse ikiwa mbichi, ndipo afikirie mambo ya bizari.

Baadaye mama mkwe alileta kimnyet, ambao ni ugali wao wa wimbi au mahindi, pamoja na mursik. Yafaa nieleze mursik kwa ajili ya wasioujua. Ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu. Kabla ya kuyatia, kijiti cha mti uitwao senetwet huchomwa hata kiwe kaa la moto, nacho husuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zake zifunikwe na mkaa laini. Maziwa hukaa humo siku kadhaa, yakapata rangi ya kijivu na harufu ya moshi ambayo mtu akiisha kuizoea huikumbuka kila aendako.

Mzee akanywa, akafuta midomo, akausifu mursik. Hapo mama mkwe, ambaye hakuwa amesema neno juu ya nyama, akamwambia kwa upole, “Na mkaa huo uliomo ndani ya maziwa, unaficha nini?”

Mzee alimtazama mkewe, akaanza kucheka kidogo kidogo, na wote tukacheka kwa nafuu. Kisha akanigeukia, akaniuliza, “Chupa hiyo ni nani aliyekutengenezea?” Nikamwambia ni mama. “Yu mzima?” Nikamwambia alifariki mwaka jana, na ya kuwa hii ndiyo chupa yake ya mwisho. Mzee aliweka kibuyu chini. Alikaa kimya muda wa kutosha mtu kuhesabu hamsini. Ndipo akamwagiza mtoto alete kibakuli kidogo, akaniambia, “Tia kidogo humu. Kiweke karibu na chumvi.”

Nikafanya hivyo. Alichukua kipande cha nyama ya paja, ambayo sikuwa nimeigusa, akakichovya ncha katika chumvi na ncha nyingine katika viungo, akatafuna kwa makini kama mtu asomaye barua. Akasema, “Sasa naisikia nyama, na naisikia na kazi ya mama yako. Hakuna aliyemfunika mwenzake.” Akachovya tena. Nilipotaka kumwongezea alinishika mkono, akasema, “Hapana. Usiimalize. Nenda ujifunze kuitengeneza, ndipo utuletee nyingi.”

Asubuhi yake tulipewa chai kabla ya safari. Ilikuwa chai ya shamba lao, maziwa mengi, na ndani yake tangawizi iliyopondwa. Mzee alikunywa vikombe viwili. Sikusema neno, lakini nilifikiri njia nzima. Chai ilikuja nchi hii kutoka ng’ambo, na tangawizi kutoka ng’ambo. Nazo zimekutana katika kikombe cha mzee wa Kipsigis, wala hakuna awaitaye wageni. Kadhalika pilipili kali, tunayoidhani ni ya kwetu tangu kuumbwa dunia, asili yake ni Amerika, nayo haikufika pwani yetu kabla ya merikebu za Wareno. Mdalasini ulitoka Ceylon, pilipili manga Malabari, na karafuu visiwa vya Maluku kabla ya kustawi Unguja na Pemba katika karne ya 19. Kila kitu kilikuwa mgeni siku moja. Lakini mgeni mwema hubisha hodi, na mimi chupa yangu niliiingiza bila hodi.

Niliporudi Kericho nilimpigia simu dada yangu mkubwa aliyeko Rabai. Kumbe mama hakuandika vipimo popote. Alipima kwa mkono wake. Ilitupasa kujaribu mara nne, dada kule na mimi huku, tukielezana harufu kwa maneno, mpaka mchanganyiko wetu ukalingana na ule wa chupa. Vipimo vyenyewe ni hivi, nami nawapa wasomaji bila choyo:

Punje za giligilani, vijiko vitatu vya kulia. Bizari nyembamba, ambayo Wahindi huiita jira, vijiko viwili. Pilipili manga nzima, kijiko kimoja. Mdalasini, kijiti kimoja cha urefu wa kidole. Iliki sita na karafuu nne, wala zisizidi, kwa maana karafuu ikizidi hutawala chungu chote. Pilipili kavu, nusu kijiko, au zaidi kwa mwenye ulimi mgumu. Chumvi isitiwe humu. Kila mtu aitie kwa kiasi chake wakati wa kula.

Kaanga viungo vyote bila mafuta katika kikaango juu ya moto mdogo, ukikoroga daima, kwa dakika mbili au tatu, hata harufu ipande. Ukiona moshi umechelewa: vimekwisha kuungua, navyo vitakuwa vichungu. Viache vipoe, uvitwange katika kinu, uchekeche, uweke katika chupa kavu yenye kifuniko, mbali na jua. Ni bora kununua viungo vizima na kutwanga mwenyewe, kwa sababu unga wa dukani hupoteza harufu upesi, tena ni rahisi mtu asiye mwaminifu kuuchanganya na kitu kingine.

Katika kutumia kuna njia tatu, na kila moja ina mahali pake. Ya kwanza ni ya mishkaki, kama tufanyavyo pwani. Nyama hukatwa vipande vidogo, na kwa kila kilo moja hutiwa kijiko kimoja cha mchanganyiko pamoja na mafuta kidogo, maji ya ndimu, tangawizi na kitunguu saumu kilichopondwa. Ikiwa nyama ni ngumu, kipande kidogo cha papai bichi kilichosagwa huilainisha. Lakini isikae humo zaidi ya saa moja au mbili, maana papai likiachwa sana huifanya nyama kuwa kama uji. Njia ya pili ni ya mbavu na mapaja yachomwayo mazima. Hapo usinyunyize unga mkavu mwanzoni, la sivyo utaungua kama wangu. Ichome nyama kwa moto wa pole hata ikaribie kuiva, ndipo upake mchanganyiko uliolainishwa kwa mafuta na ndimu, uirudishe kwa dakika chache tu. Njia ya tatu ni ile niliyofundishwa Silibwet: kibakuli kando ya chumvi, kila mlaji ajichovyee. Pamoja na kachumbari ya nyanya, kitunguu na dania, hakuna atakayenung’unika, awe mtu wa pwani au mtu wa bara.

Tulikwenda Bomet tena mwezi uliofuata, kabla mvua kubwa hazijaanza. Safari hii nilichukua chupa mbili nilizotwanga mwenyewe, na kinu kidogo cha mti kiwe zawadi kwa mama mkwe. Chupa ya mama niliiacha nyumbani kabatini. Bado ina kiasi cha vijiko vitatu, nami sina haja ya kuifungua ila kuinusa mara moja moja. Shemeji aliwasha moto, akalaza nyama bila kitu, nami nikakaa mbali nayo mikono yangu ikiwa mifukoni, jambo lililowachekesha watoto sana. Ubao ulipoletwa, mzee aliukagua: nyama ipo, chumvi ipo. Akainua kichwa, akauliza mbele ya wote, “Na kile kibakuli cha Rabai kiko wapi?”

Basi ndugu zangu, na hasa ninyi mlio makarani, walimu na askari mnaohamishwa huku na huku katika nchi yetu, chukueni ladha za kwenu popote muendako, wala msizionee haya. Lakini ufikapo kwa watu, onja kwanza kilicho chao kama walivyokipika, usifu panapostahili, kisha uulize kabla ya kufungua chupa yako. Mtu aliyeulizwa aghalabu hukubali.